Fumigesheni ya kunguni Mombasa: dawa yao inafanya kazi, waranti yao ina mtego, na mwenye nyumba naye ana lake la kulipa

Nawapa nyota nne kwa tano. Ile moja nimeizuia kwa ajili ya waranti, sio dawa, manake dawa ilishika vizuri na vijana walijua kazi yao. Jina la kampuni siliandiki hapa kwa sababu nina lawama kidogo na sitaki mtu aseme nimemharibia biashara, ila ni hawa wa fumigesheni za majumbani wenye ofisi kule kisiwani.

Mimi nakaa Kisauni, nyumba ya kupanga, wan bedrum kwenye flati ya floo nne, ukuta wangu wa chumbani ndio ukuta wa jirani na wa sebuleni ndio wa jirani mwengine. Naeleza hivyo mapema kwa sababu ukiwa na nyumba yako peke yako yenye ua, nusu ya haya hayakuhusu, piga simu wakupulizie umalize. Sisi wa flati mambo yetu ni tofauti kabisa.

Bei kwanza, najua ndio mnaitaka. Kunguni nyumba ya chumba kimoja walinitoza shilingi 4,500, hiyo ni pamoja na kurudi mara ya pili. Mende wa jikoni ni 1,500 zaidi, wanaweka jeli. Nililipa kwa M-Pesa na nikapewa risiti yenye jina la nyumba, namba ya mlango na dawa iliyotumika, na hiyo risiti mtaona mbele ilivyonisaidia. Kuna wengine nilipiga simu wakaniambia 2,000 tu, nikawauliza dawa gani, mmoja akanijibu "dawa kali dada, hata wewe hutaingia siku mbili". Nikakata simu.

Hawa nilichowapendea ni kwamba kabla ya kutaja bei waliniuliza maswali mpaka nikaona kama nahojiwa. Uko floo ya ngapi, majirani wana kunguni au hujui, kuna mtoto mchanga ndani, kuna mtu ana pumu, una paka, una samaki wa kufuga, godoro ni la mwaka gani, umenunua kochi la mkono wa pili karibuni. Halafu akaja mmoja na tochi kuangalia kabla ya siku yenyewe, bure. Akageuza kitanda, akaenda moja kwa moja kwenye pale tendegu linapoungana na ubao wa pembeni, na kweli walikuwa wamejaa hapo, na vile vidoa vyeusi vyao kwenye chaga. Akafungua kifuniko cha soketi ya ukutani, nao wamo. Hapo ndipo akaniambia neno ambalo lilinikaa: "Hawa wa kitandani ni wako, hawa wa kwenye soketi sina hakika ni wako."

Manake soketi za ukuta wa pamoja mara nyingi zinaunganishwa na bomba la waya linalopita mpaka upande wa pili, na kunguni anapita humo vizuri tu. Anapita pia kwenye ufa wa ukuta, chini ya mlango, kwenye upenyo wa bomba la maji. Hana mbawa wala haruki, lakini anatembea. Na ukipuliza nyumba yako peke yako wale wa mbali wanasubiri, kunguni mkubwa anaweza kukaa miezi bila kula. Basi dawa ikipungua nguvu na harufu ya mtu ipo, wanarudi, na wewe unasema umeibiwa.

Siku ya kazi walichelewa. Walisema watakuja asubuhi ili Ijumaa tuwe tumemaliza kabla ya swala, wakaja baada ya swala, na mimi nimeshatoa nguo zote, vyombo vimo kwenye mifuko, watoto wako kwa bibi yao Likoni. Simu ya kusema wamechelewa sikupigiwa mpaka nilipopiga mimi. Hiyo sikuipenda. Pia mmoja wao alikuwa na maski, ovaroli na buti lakini glavu hana, anachanganya dawa kwa mikono mitupu, nikamwambia kijana wangu hiyo ngozi inakunywa, akacheka tu akasema amezoea. Kampuni inayochaji pesa hizo imnunulie kijana glavu jamani.

Lakini kazi yenyewe wallahi ni safi. Walianza na mashine ya mvuke kwenye godoro, kwenye mishono, kwenye kochi na pazia, kwa sababu joto la nyuzi 50 na kwenda juu linaua kunguni pamoja na mayai, na mayai ndiyo dawa nyingi za kupuliza hazimalizi. Kisha dawa ya maji kwenye fremu ya kitanda, nyufa, kando ya sakafu, nyuma ya picha. Hawakumwaga dawa kwenye godoro hovyo. Nguo na mashuka wakaniambia nifue kwa maji ya moto sana nianike kwenye jua kali, na jua Mombasa si la kununua. Kwenye soketi walipuliza unga mkavu, sio maji, na stima walizima kwanza.

Nikawaomba waonyeshe kopo la dawa, wakanionyesha bila kununa. Hili nawasihi mlifanye popote mlipo Kenya. Dawa halali ya wadudu ina namba ya usajili ya PCPB kwenye lebo, hiyo ndiyo bodi ya serikali inayosimamia hizi dawa, na anayefanya biashara ya kupuliza naye anatakiwa awe na leseni yao. Zile chupa ndogo za soda zinazouzwa sokoni na vipaza sauti, "dawa ya kunguni, mende, viroboto, panya", zisizo na lebo, hujui ndani kuna nini na hujui uchanganye kiasi gani. Na kuna baya zaidi, vile vidonge vya kuhifadhia mahindi ghalani, watu wanaviweka chumbani eti viue kunguni. Vile vikigusana na unyevu wa hewa vinatoa gesi, na gesi hiyo imeua watu waliolala, sio wa nyumba hiyo tu, hata wa nyumba ya pili kwa sababu inapita kule kule anapopita kunguni. Usijaribu kabisa, na ukisikia jirani anataka kuvitumia mzuie.

Wakarudi baada ya wiki mbili kama walivyosema. Kurudi sio ujanja wa kukamua pesa, mayai yaliyopona yanaanguliwa kama wiki moja na zaidi kidogo, sasa wale wadogo unawapiga kabla hawajakua wakaanza kutaga wao. Fundi anayekwambia mara moja yatosha kwa kunguni anakudanganya au hajui.

Sasa waranti. Karatasi yao inasema miezi mitatu, wakirudi kunguni tunarudi bure. Nzuri. Halafu chini kwa maandishi madogo, haihusu wadudu wanaoingia kutoka nyumba jirani. Kwenye flati! Yaani nani atajua kunguni huyu ametoka wapi, ataulizwa kitambulisho? Nikampigia meneja wao, akawa mkweli, nampa hiyo. Akasema dada, sisi tukitibu nyumba moja katikati ya flati tunajua tunafanya nusu kazi, mwenye nyumba ndiye anatakiwa atuite kwa jengo zima, wewe peke yako hutaweza hata ukilipa kila mwezi. Nikamwambia basi mngeniambia hivyo kabla ya kupokea 4,500 yangu. Hapo ndipo nyota moja ilipokwenda.

Nikaenda kwa keateka, yule mwangalizi wa jengo. Keateka jibu lake mnalijua nyote, "hawa umekuja nao wewe". Nikamwomba namba ya mzee mwenye nyumba, mzee wa watu ni mtu mzima, anaongea taratibu, baada ya shikamoo na habari za nyumbani akaniambia, "Mwanangu, kunguni haji na nyumba, aja na kitanda." Nikamwambia ni kweli Mzee, lakini nyumba ya pembeni yangu haina mtu tangu yule mpangaji ahame, na ndani ameacha kitanda na godoro, na keateka ndiye mwenye ufunguo. Akanyamaza. Nikamtumia kwenye WhatsApp ile risiti na picha za soketi, na maneno ya fundi.

Nami nilikuwa nimeuliza mtu anayejua sheria, sio wakili wa kulipwa, ndugu yetu tu. Akaniambia Sheria ya Ardhi ya Kenya ya mwaka 2012, kifungu cha 65, inamwekea mwenye nyumba masharti hata kama mkataba wenu haukuyaandika. Nyumba ya kuishi iwe inafaa binadamu kuishi siku unapoingia, na iendelee kufaa muda wote unaokaa. Tena kama umepangishwa sehemu tu ya jengo, paa, kuta za nje na kuta kuu, mifereji mikuu na sehemu za pamoja ni juu yake kuzitunza. Na Sheria ya Afya ya Umma, Sura 242, kifungu cha 118, inahesabu nyumba iliyojaa wadudu kiasi cha kudhuru afya kuwa ni kero ambayo afisa wa afya anaweza kutoa amri iondolewe. Kwa kawaida notisi inakwenda kwa yule aliyesababisha, lakini kasoro ikiwa ni ya ujenzi wa nyumba, inakwenda kwa mwenye nyumba. Hao maafisa siku hizi wako chini ya kaunti, unaenda unaripoti, hulipi kitu.

Sikumtishia mzee na haya. Nilimwambia tu kwamba nimeyasoma na ningependa tuelewane kabla ya kufika huko, na nadhani hilo lilisaidia kuliko kelele. Binti yake ndiye aliyekuja mwishowe, akakaa na wapangaji pale chini, na mkubwa kwa mdogo kila mtu akatoa lake. Kumbe wa floo ya chini wanao, wa juu wanao, kila mtu anapuliza kwake usiku kimyakimya kwa aibu. Mama mmoja akasema wake walikuja na sanduku la mtoto kutoka bodingi, na wallahi nampongeza kwa kusema, manake shule za bweni kila likizo zinatuletea na hatuzungumzi. Kunguni sio uchafu, nyumba safi inaingia vilevile, anafuata damu sio takataka.

Tulivyokubaliana ni hivi, na naona ni haki kwa kiasi. Mwenye nyumba analipia nyumba zilizo tupu, ngazi, koridoo, stoo ya keateka, na anatia fundi wa kuziba nyufa na matundu ya mabomba. Mpangaji analipia ndani kwake. Lakini kwa kuwa ni kazi ya jengo zima siku moja, kampuni ikashusha bei mpaka 2,800 kwa nyumba, na wale waliokuwa wamelipa karibuni kama mimi tukafanyiwa bure, hapo meneja alijitahidi. Na waranti ikaandikwa upya kwa jengo, ile sentensi ya jirani ikafutwa. Mtu mmoja alikataa kabisa kufungua mlango, binti wa mzee akazungumza naye pembeni, sijui walisemezana nini lakini mlango ulifunguliwa.

Mimi kwa maoni yangu, na hii ni yangu sio ya sheria, ukihamia na ndani ya wiki chache za mwanzo ukakuta kunguni kwenye soketi na kwenye fremu za milango, hao ni wa mwenye nyumba, alipe yote. Ukiwa umekaa miaka miwili na nyumba zote ni safi ila yako, bas lipa mwenyewe usimsumbue mtu. Ikiwa wamesambaa zaidi ya nyumba moja, hapo ni tatizo la jengo na anayeweza kuamrisha jengo ni mmoja tu. Ndio maana siku ya kuchukua funguo ingia na tochi. Pekua pembe za dari, nyuma ya milango, ndani ya makabati ya jikoni, piga picha, mtumie keateka siku hiyo hiyo ili tarehe ibaki kwenye simu. Picha hizo pia ndizo zitakazokusaidia kwenye depoziti, manake kuna wenye nyumba ukihama wanakata pesa za fumigesheni ambayo hata hawaifanyi.

Na hiyo depoziti wakikukatalia, usipoteze muda na ile tribunali ya kodi za nyumba ya sheria ya Sura 296, ile inashughulikia nyumba za kodi isiyozidi 2,500 kwa mwezi, na Mombasa hii ya leo nyumba ya 2,500 ni ipi. Korti ya madai madogo inasikiliza madai ya pesa mpaka milioni moja na unaweza kujisimamia bila wakili.

Turudi kwa kampuni, mende. Jeli yao imenifurahisha kuliko chochote. Ni vitone vidogo vidogo kwenye bawaba za makabati, nyuma ya friji, chini ya sinki. Mende wale wadogo wa hudhurungi wanakula, wanarudi mafichoni wanafia huko, na wenzao wanakula mizoga na kinyesi chao nao wanakufa. Sharti moja, usipulize dawa ya kopo juu yake, ukipuliza unawafukuza kwenye chambo na pesa yako imekwenda. Fundi aliniambia pia jike la mende huyu anatembea na kifuko chake cha mayai mpaka karibu na kuanguliwa, kinaweza kuwa na mayai thelathini na zaidi, kwa hivyo ukiona mmoja na mkia wa kifuko usimwache.

Wale mende wakubwa wanaoruka usiku wakakutoa mbio ni hadithi nyengine. Hao wanatoka kwenye manholi na mabomba ya maji taka, na fundi hakutaka hata kuchukua pesa yangu kwa ajili yao, akasema tia wavu kwenye tundu la bafu na mwambie mwenye nyumba afunike manholi ya nyuma. Mkweli. Kampuni nyengine ingepuliza tu ikatia pesa mfukoni. Mfuniko wa manholi ulikuwa umevunjika zamani, sasa umewekwa mpya wa zege.

Panya vilevile, sumu peke yake ni kujisumbua kama tundu liko wazi na takataka zimelala pale chini siku nne bila kubebwa. Huyo panya mdogo wa ndani anapenya tundu la upana wa kalamu. Kuziba ni kazi ya mwenye nyumba, kufunga mfuko wa taka vizuri ni kazi yetu. Mchwa sina hata la kuzungumza, anakula fremu za milango na paa, ni wa mwenye nyumba moja kwa moja, mpangaji anayelipia mchwa anamkarabatia mtu mali yake.

Kitu kampuni haikugusa kabisa na ningependa waanze kukiuza ni mbu. Mombasa homa ya dengi imetupiga mara kadhaa, 2013, 2017, na mbu wake anazaa kwenye maji safi tunayoweka akiba, mapipa na ndoo, kwa sababu maji ya mfereji hatuna uhakika nayo. Pipa la ndani kwangu nalifunika mimi. Tenki la juu ya paa lisilo na kifuniko, mimi sina hata ngazi ya kulifikia, hilo la nani? Nimemwandikia binti wa mzee, amesema fundi atapanda. Bado hajapanda.

Kunguni mpaka sasa naandika hakuna, nimeweka vile vikombe vya kunasia chini ya matendegu na viko vitupu. Usafi wa kazi nawapa tano, maelezo tano, kuchelewa mbili, waranti ya mpangaji mmoja mbili, waranti ya jengo tano. Anayetaka namba yao aniandikie pembeni, ila aulize kwanza kama nyumba za ubavuni kwake zina watu na funguo za zile tupu anazo nani, manake bila hizo funguo hata wao hawatakuhakikishia kitu.